Maswali ya Wasomaji: Pikipiki na Kona

Mwezi huu nimepokea barua tatu zinazogusa jambo moja, nalo ni namna pikipiki inavyoongozwa na inavyokata kona. Nimezijibu pamoja, na jibu la kwanza nimelipa nafasi kubwa kwa makusudi, kwa sababu linahusu jambo ambalo kila mwendeshaji hulifanya kila siku bila kujua kuwa analifanya, kisha siku ya hatari mikono yake hulisahau.

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni afisa ugani mpya katika milima ya Usambara, na wiki sita zilizopita nilikabidhiwa pikipiki ya kazi ya cc 125. Kabla ya hapo nilikuwa naendesha baiskeli tu. Nilifundishwa uwanjani kwa siku chache, nikapata leseni, na sasa napanda na kushuka barabara ya Mombo hadi Lushoto karibu kila siku. Mwenzangu mmoja aliniambia kwamba nikitaka kwenda kulia nisukume mbele mkono wa kulia wa usukani. Nilidhani ananitania, kwa kuwa kuusukuma mkono wa kulia ni kulielekeza gurudumu kushoto. Nikajaribu, na kweli pikipiki ikaenda kulia. Siku chache baadaye, nikishuka kutoka Soni, niliingia kona ya kushoto nikiwa na mwendo uliozidi kidogo. Lori likatokea mbele yangu, nikalikodolea macho, mikono ikakakamaa, na nikajikuta nimevuka mstari wa katikati. Kilichoniokoa ni dereva yule kunikwepa. Naomba unieleze ni nini kilitokea, na nifanye nini kisitokee tena.

JIBU: Marahaba, kijana wangu, na tumshukuru Mungu kwamba barua hii umeiandika kwa mkono wako mwenyewe. Mwenzako hakukutania. Alikupa neno lililo muhimu kuliko yote ambayo mwendeshaji mpya anaweza kuambiwa, ila alikupa bila maelezo yake.

Chukua mti wa fagio uusimamishe juu ya kiganja, kama watoto wanavyocheza. Ukitaka kutembea nao kuelekea kulia, huwezi kukipeleka kiganja kulia moja kwa moja, kwa sababu mti utaangukia kushoto na kukuponyoka. Itakubidi kwanza ukisogeze kiganja kushoto kidogo, ncha ya juu ya mti ianze kuinamia kulia, ndipo kiganja kiufuate mti huko unakoinamia. Pikipiki iliyo katika mwendo ni mti huo, na pale tairi linapogusa lami ndipo kilipo kiganja. Unapousukuma mkono wa kulia wa usukani, gurudumu la mbele hugeuka kushoto kwa kiasi ambacho jicho halikioni, tairi hutoka chini ya uzito wako na wa chombo, na pikipiki, ikiwa imeondolewa egemeo lake, huanza kulalia kulia. Ikishalala, gurudumu la mbele hugeuka lenyewe kuelekea kulia kuufuata ule mlalo, na kona hukatwa. Hayo yote hutukia katika muda usiofika sekunde moja, ndiyo maana mtu haioni ile hatua ya kwanza ya kwenda upande asioutaka.

Gurudumu kugeuka lenyewe nako kuna sababu yake. Simama ubavuni mwa pikipiki yako uitazame shingo ya usukani: haikusimama wima, bali imelala kuelekea kwenye kiti. Ukiufuata kwa macho mstari wa shingo hiyo hadi chini, utaona unagusa ardhi mbele ya pale tairi linapogusa. Kwa hiyo tairi huburutwa nyuma ya mstari huo, sawa na kigurudumu cha kitanda cha hospitali ambacho hugeuka chenyewe kufuata mwelekeo wa anayekisukuma kitanda. Mzunguko wa gurudumu nao husaidia, ingawa mchango wake ulikuzwa mno kwa miaka mingi; mwaka 2011 watafiti wa vyuo vikuu vya Delft, Uholanzi, na Cornell, Marekani, walionyesha baiskeli iliyoundwa bila nguvu ya mzunguko wala ule mburuto, nayo bado ilijisimamisha yenyewe iliposukumwa bila mtu. Kwako wewe mwendeshaji inatosha kujua kwamba pikipiki yenyewe inataka kusimama na inataka kuufuata mlalo wake, na kazi yako ni kuuanzisha mlalo huo na kuuacha uende.

Bila shaka unajiuliza imekuwaje ukaendesha wiki sita bila kulijua jambo hili. Mwili wako ulilijua tangu ulipojifunza baiskeli. Wilbur Wright, ambaye pamoja na ndugu yake Orville walikuwa wakitengeneza na kuuza baiskeli mjini Dayton, Ohio, kabla ya kurusha ndege yao mwaka 1903, aliwauliza makumi ya waendesha baiskeli namna wanavyogeuka kushoto, na hakumpata hata mmoja aliyelieleza jambo lote sawasawa alipoulizwa mara ya kwanza. Wote hao walikuwa wakiendesha na kufika waendako.

Lakini ujuzi uliokaa mwilini tu, ambao kichwa hakiufahamu, humtoroka mtu anapoingiwa na hofu. Isome tena barua yako. Ulikuwa katika kona ya kushoto, lori likatokea upande wako wa kulia, na kila kiungo chako kikataka kulikimbia kwa kwenda kushoto zaidi. Mikono ilipokakamaa, ilisukuma pande zote mbili kwa pamoja, na pikipiki haikuweza kulala zaidi ya ilivyokuwa imelala. Na inawezekana kabisa kwamba ulifanya baya kuliko hilo: uliugeuza usukani kushoto kama dereva wa gari anavyofanya. Kuugeuza usukani kushoto ni kuusukuma mkono wa kulia, na kuusukuma mkono wa kulia ni kuipeleka pikipiki kulia, kule kule lilikokuwa lori. Natamani kila anayefundisha pikipiki awaeleze wanafunzi wake jambo hili kabla hajawatoa uwanjani, kwa sababu naamini wapo vijana waliozikwa ambao dakika yao ya mwisho ilikuwa hivyo hasa, wakivuta kwa nguvu zote kuelekea salama na chombo kikiwapeleka upande wa pili.

Jambo hili lilichunguzwa zamani. Mwaka 1981 Harry Hurt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Southern California walitoa ripoti ya uchunguzi wa ajali za pikipiki takriban 900 zilizotokea katika eneo la Los Angeles. Walikuta kwamba waendeshaji wengi walikanyaga mno breki ya nyuma hadi gurudumu likaburuzika, wakaitumia kidogo mno breki ya mbele, na kwamba uwezo wa kukwepa kwa kusukuma usukani ni kama haukuwepo kabisa. Wale walikuwa na barabara pana na hali ya hewa kavu kwa sehemu kubwa ya mwaka. Wewe una mwamba upande mmoja na korongo upande wa pili.

Kwa hiyo fanya hivi. Tafuta barabara tupu iliyonyooka, au uwanja mrefu wa mpira, asubuhi kabla watu hawajaamka. Endesha kilomita 30 hadi 40 kwa saa, viwiko vikiwa vimekunjika na mabega yamelegea, na mapaja yakiwa yameibana tangi ili mikono isifanye kazi ya kukushikilia. Kisha kwa kiganja cha kulia usukume usukani mbele, taratibu, kwa nguvu ile ile ya kuufungua mlango ulioegeshwa. Pikipiki italala kulia. Legeza, itasimama. Rudia kwa mkono wa kushoto. Huku ukifanya hivyo, tamka kwa sauti: nasukuma kushoto, naenda kushoto. Usione haya kujisemea. Kinachotakiwa ni mdomo, mkono na macho viufahamu ukweli mmoja. Baada ya siku kadhaa panga chupa tupu za maji kwa nafasi ya hatua 15, uzipite kwa kusukuma mkono huu na ule. Mwishowe chukua chupa moja tu, ifanye kuwa mbuzi aliyeingia barabarani, uiendee moja kwa moja, uikwepe kwa msukumo mmoja wa haraka, kisha unyooke kwa msukumo wa mkono wa pili. Unapokwepa usishike breki, na unapofunga breki usikwepe; tairi haliwezi kutoa nguvu zote mbili kwa ukamilifu kwa wakati mmoja.

Sasa tuje kwenye mwendo, kwa sababu kusukuma usukani kunakusaidia tu ikiwa bado ipo nafasi ya pikipiki kulala. Chukua kona ya kawaida ya mlimani yenye nusu kipenyo cha mita 30. Ukiipita kwa kilomita 40 kwa saa, pikipiki pamoja nawe mtalala kiasi cha nyuzi 23 kutoka wima, na mtu aliyezoea haoni shida. Kwa kilomita 50 mlalo unafika nyuzi 33. Kwa kilomita 60 ni nyuzi 43, na hapo pikipiki ndogo ya kazi huanza kukwangua lami kwa vikanyagio, na changarawe kidogo inatosha kukulaza chini. Umeongeza mwendo kwa nusu tu, na mlalo umekaribia kuwa mara mbili. Hii ndiyo sababu kona ile ile unayoipita kila siku kwa raha hukugeuka siku uliyochelewa kikao.

Mwendo wa kona basi upange ukiwa bado umenyooka. Funga mafuta, tumia breki zote mbili, shusha gia, vyote vimalizike kabla hujasukuma usukani. Ukishalala, fungua mafuta kidogo sana na uyashikilie hapo, ili pikipiki isijiburute wala isiruke. Utajuaje mwendo unaofaa katika kona usiyoiona mwisho wake? Tazama mbali, pale kingo mbili za barabara zinapoonekana kukutana. Ikiwa sehemu hiyo inakusogelea, kona inabana, punguza zaidi. Ikiwa inabaki mahali pake, mwendo wako unatosha. Ikianza kukukimbia na barabara kufunguka, ndipo unaweza kuongeza. Nimeendesha milimani miaka mingi, na hakuna kibao cha barabarani kilichowahi kunisaidia kama sehemu hiyo moja.

Macho nayo ni nusu ya usukani. Ulilikodolea lori, ukalifuata. Mikono hupeleka chombo kule jicho lilikoganda, na hilo halina mjuzi wala mwanafunzi. Nilipokuwa mpya nilitazama mtaro wa maji kwa sababu niliuogopa, na ndimo nilimoingia, nikavunjika mfupa wa bega. Geuza kichwa chote, siyo macho pekee, hadi kidevu kielekee pale unapotaka kutokea. Lori liache lipite pembeni mwa macho yako. Utaliona vya kutosha bila kulitazama.

Nikuongezee la mwisho linalohusu barabara za kwetu tunakopita kushoto. Katika kona ya kushoto kama ile, mwamba hukuziba macho, na anayezidisha mwendo huishia upande wa wanaokuja. Katika kona ya kulia barabara huonekana vizuri zaidi, lakini anayezidisha huishia mtaroni au korongoni, na anayekaa karibu mno na mstari wa katikati hujikuta magurudumu yake yako upande wake ilhali kichwa na bega, kwa sababu amelala, viko upande wa magari yanayokuja. Basi la abiria halitajua kwamba magurudumu yako hayakukosea. Katika kona ya kulia kaa upande wa kushoto wa njia yako, hatua moja kutoka kwenye mchanga wa ukingoni. Katika kona ya kushoto anza karibu na katikati ya njia yako, uione kona mapema, na usiikate kuelekea mwambani mpaka uwe umeuona mwisho wake.

SWALI: Mwalimu, habari za kazi. Mimi ni muuguzi wa zahanati mkoani Njombe, na natumia pikipiki kuwafikia akina mama vijijini. Kwenye mwendo sina wasiwasi, lakini kila ninapotaka kugeuza katika barabara nyembamba ya moramu, pikipiki hunilalia na kuanguka. Imeshatokea mara mbili, na mara ya pili nilikuwa na boksi la chanjo. Nilijaribu kusukuma usukani kama wanavyoshauri waendeshaji wa lami, mambo yakawa mabaya zaidi. Je, tatizo ni ufupi wangu?

JIBU: Dada yangu, pole, na ufupi wako hauna kosa hapa. Ule ushauri wa kusukuma ni wa pikipiki yenye mwendo. Chini ya mwendo wa mtu anayekimbia mambo hubadilika: pikipiki haijajisimamisha bado, kwa hiyo usukani hugeuzwa upande uendako, hata hadi ukomo wake, na anayeisimamisha ni wewe kwa mizani ya mwili wako na kwa mvuto mdogo wa injini.

Karibu kila mara anguko la aina hii husababishwa na mambo mawili. La kwanza ni breki ya mbele. Usukani ukiwa umekunjwa, mguso mdogo wa breki ya mbele huisimamisha pikipiki ghafla na kuitupa upande ule ule wa ndani, na hakuna mguu mrefu utakaoizuia kwa urahisi. Unapogeuza, toa vidole vyote kwenye mkono wa breki ya mbele, uweke mguu wa kulia kwenye breki ya nyuma na uikanyage kidogo wakati wote. La pili ni klachi. Ukiibana yote, mvuto hukatika na pikipiki huanguka kama baiskeli iliyoishiwa mwendo. Ishike pale inapoanza kuuma, injini ikinguruma kidogo juu ya kawaida, na mwendo uuongoze kwa breki ya nyuma. Injini inavuta, breki inazuia, na kati ya hayo mawili pikipiki husimama imara hata kwa mwendo wa mtu anayetembea.

Mwili wako uwe upande wa nje. Ukigeuza kulia, pikipiki ilale kulia, lakini wewe sogeza makalio kushoto kidogo kwenye kiti na ukandamize kikanyagio cha kushoto. Geuza kichwa hadi uione njia uliyotoka, juu ya bega lako. Nimewaona wanawake wengi wakishindwa kwa sababu moja tu, kwamba walikuwa wakilitazama gurudumu la mbele au mtaro, na walipoinua kidevu wakageuza siku hiyo hiyo. Fanya mazoezi bila boksi, kwenye uwanja wa zahanati, ukianza na duara kubwa la hatua 12 na kulipunguza kila siku. Na pale ambapo barabara ina mteremko na udongo umelegea, shuka uisukume. Dawa za watoto hazihitaji kuonyeshwa ustadi.

SWALI: Hujambo mwalimu? Mimi ni mhudumu wa bodaboda Tambach, katika barabara inayoteremka kutoka Iten kwenda bonde la Kerio, na nina miezi minne kazini. Nina maswali mawili. Abiria wangu wengine hukaa wima au huinamia upande wa pili ninapolala kwenye kona, na pikipiki inakuwa nzito. Pili, wenzangu hushuka mteremko wote kwa gia huru, wengine injini imezimwa, ili kuokoa mafuta, kisha hufunga breki ndani ya kona. Mimi naogopa. Ni nani aliye sahihi?

JIBU: Sijambo, ndugu yangu, na wewe ndiwe uliye sahihi. Nianze na hilo la pili kwa sababu ndilo linaloua.

Gia ikiwa ndani na mafuta yamefungwa, injini yenyewe huishika pikipiki, na katika mteremko kama wa kwenu gia ya pili au ya tatu hufanya nusu ya kazi ya breki bila kupata moto. Ukiiweka huru, mzigo wote huangukia breki. Pikipiki nyingi za kazi zina breki za ngoma, ambazo hupata joto haraka kwenye mteremko mrefu, na breki ya ngoma iliyopata joto hukanyagwa ikashuka bila kushika. Zaidi ya hayo, katika gia huru huna mafuta ya kufungua ukiwa kona, na pikipiki isiyovutwa na injini hujisikia legevu, hukimbia nje. Mafuta yanayookolewa kwa njia hiyo ni ya shilingi chache.

Kuhusu kufunga breki ndani ya kona: tairi lina nguvu yake ya kushika lami, na nguvu hiyo hugawanywa. Ukiwa umelala, sehemu kubwa yake inatumika kukugeuza, na kilichobaki kwa ajili ya breki ni kidogo. Ukiibana breki ya mbele kwa nguvu, kabla hata tairi halijateleza pikipiki itajiinua na kunyooka, nawe utatoka nje ya njia yako. Ukiikanyaga ya nyuma kwa nguvu, gurudumu litaburuzika na mkia kukupita. Ikikulazimu kusimama katikati ya kona na mbele yako kuna nafasi, inyooshe pikipiki kwanza kwa kusukuma mkono wa upande wa nje, kisha funga breki zote mbili kwa nguvu ukiwa umenyooka. Nafasi ikikosekana, zibane polepole zote mbili, ukiongeza kadiri mwendo unavyopungua na pikipiki inavyosimama. Na ikiwa tatizo ni kwamba umeingia kwa kasi tu, wala hakuna kilichoziba njia, usiguse kitu: tazama mwisho wa kona, usukume mkono wa ndani zaidi, uiache ilale. Waendeshaji wengi wapya huanguka wakiwa bado na nafasi kubwa ya kulala, kwa sababu walikata tamaa kabla ya pikipiki yao.

Abiria naye mweleze kabla hajapanda, kwa sauti ya heshima na bila haraka. Mwambie akae karibu nawe, miguu juu ya vikanyagio, na katika kila kona atazame mbele juu ya bega lako la upande mnaokwenda. Kwenye kona ya kulia atazame juu ya bega la kulia. Akitazama hapo, uzito wake utakaa mahali pake bila yeye kufikiria kulala. Mama au msichana anayependa kukaa upande mmoja mwombe akae kwa kutenganisha miguu katika barabara hiyo ya milimani, na kama nguo yake haimruhusu, basi mwendo wako uwe wa kumbeba mtu wa namna hiyo. Kwa hesabu, uzito haubadilishi kiasi mnacholala, mkiwa wawili au ukiwa peke yako mlalo wa kona moja kwa mwendo mmoja ni ule ule. Kinachobadilika ni kwamba shokapu za nyuma hukandamizwa, pikipiki hushuka, na vikanyagio hugusa lami mapema. Mzigo uliofungwa nyuma ya ekseli, kama kreti za soda au gunia la makaa, huinyanyua sehemu ya mbele, na usukani huwa mwepesi na wa kutikisika. Usogeze karibu na mgongo wako kadiri unavyoweza, na tairi la nyuma liongezwe upepo kama kitabu cha pikipiki kinavyoelekeza kwa watu wawili.

Kwa kuwa unafanya kazi kila siku, likague tairi lako la nyuma jioni hii. Pitisha kiganja kutoka ubavu mmoja hadi wa pili. Tairi zima ni la mviringo. Lililoendeshwa sana barabara iliyonyooka huwa bapa katikati na kuacha ukingo kila upande, na pikipiki yenye tairi la namna hiyo hukataa kulala, kisha huanguka ndani ya kona kwa ghafla inapovuka ule ukingo. Halafu isimamishe kwa sitendi kubwa, mwenzako akandamize nyuma ili gurudumu la mbele linyanyuke, uuzungushe usukani taratibu kwa kidole kimoja kutoka kulia hadi kushoto. Ukiusikia unakwama kidogo pale katikati, kana kwamba umeingia kwenye kishimo, gololi za shingo zimechakaa. Huo msukumo mdogo ambao kona nzima inautegemea hautapita sawasawa katika shingo ya namna hiyo, kwa hiyo mpelekee fundi abadilishe seti nzima kabla hujashuka tena kuelekea Kerio.